Wimbo Niliouficha Nusu

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu hunirudisha Lipingo, kule ziwani, mpaka leo. Hapa Mbinga mjini tunanyoosha nguo kwa umeme, ukiwepo. Jirani yangu hauamini umeme, na Jumamosi akianza kunyoosha mashati ya wanawe, ile harufu ya mvuke, bluu ya kufulia na majivu kidogo huingia dirishani kwangu, nami huacha ninalolifanya. Nawaona wanawake wa ngoma ya kioda wakinyoosha sare zao juu ya mkeka, na mimi kando yao na mtoto mgongoni, nikiwachunguza mmoja mmoja kama mlinzi wa geti.

Nikwambie mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka. Ukilisifia gauni langu nitajiuliza unataka kuliazima lini. Sikuzaliwa hivyo, nilifundishwa na kwaya. Kule kigangoni kwetu Mpepai, kigango cha jirani kiliwahi kututangulia kuimba wimbo tulioamini ni wetu. Tangu hapo mwalimu wa kwaya akawa anafunga madirisha ya kanisa wakati wa mazoezi, anatufundisha sauti tupu za do-re-mi, na maneno anabaki nayo kichwani mwake mpaka asubuhi ya sikukuu. Siku ya siku tulisimama mbele ya parokia nzima, sauti tunazo, maneno hatuna. Ubeti wa pili tuliuimba kwa kuguna. Bibi alisema huo ndio ulinzi, nami nikamwamini.

Nilikuwa nimemaliza darasa la tano nilipotumwa Lipingo kwa Mama mdogo Yusta, mdogo wake mama, ambaye alikuwa amejifungua na alihitaji wa kumbebea mtoto. Mtoto wa milimani, niliyezoea ukungu na blanketi nzito, nikashushwa ziwani mwezi wa Desemba. Hata maji ya kunywa yalikuwa na uvuguvugu. Nilimkumbuka mama vibaya sana, na kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kutunga vinyimbo nikichuma kahawa, nikatunga kimoja cha kumlilia. Sikumwambia mtu.

Nyumba ya pili kutoka kwa mama mdogo aliishi Foibe, msichana mkubwa ambaye tayari alikuwa mtunzi wa kikundi cha kioda, ngoma ya kina mama wa ziwani, ile ya sare nyeupe, mistari iliyonyooka na filimbi ya kiongozi. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayezungumza huku amebeba ndoo kichwani. Alitunga wimbo juu ya chochote: nesi aliyechelewa, mume anayeogopa bata, bati jipya linalopiga kelele mvua ikinyesha. Huo wa bati ulikuwa wa kuchekesha, ila katikati alimtaja mama yake ambaye hakuwahi kulala chini ya bati hilo, na kila nilipofika hapo niliacha kucheka. Nilimpenda Foibe kwa wimbo ule. Na kwa sababu nilimpenda, nikamshuku zaidi.

Maana wanawake wale hawakuficha kitu. Jioni walikusanyika uani kwa Foibe wakimenya muhogo, mmoja akatoa mstari, mwingine akaukata, wa tatu akaugeuza. Mstari mbovu waliukataa bila aibu.

"Huo bado mbichi, Mama Tumaini, rudisha jikoni," Foibe alimwambia siku moja jirani yake, na Mama Tumaini akacheka, kesho yake akaja nao umeiva.

Foibe alikuwa na simu ndogo ya batani, na wimbo uliomnogea aliurekodi. Nilijiuliza nyimbo hizo zinakwenda wapi. Mtu gani anaacha mali yake uani hivyo, pamoja na maganda ya muhogo? Nikaamua kwamba wana njama, ila sijaigundua bado.

Asubuhi moja nilikuwa ziwani nafua nepi, mtoto amelala mgongoni, nikajisahau nikaimba:

Mama umebaki na ukungu,
mimi nimepewa jua la watu.

Nilipogeuka, Foibe alikuwa nyuma yangu, ameinamia sufuria zake, mkono umesimama.

"Huo wa nani?"

"Wangu."

"Unaishiaje?"

"Haujaisha, dada."

Ulikuwa umeisha. Niliutazama mfuko wa sketi yake, ulivyotuna kwa ile simu, nikafunga mdomo. Foibe aliniangalia kidogo, akasema, "Ukiisha niletee," akaendelea kusugua.

Baada ya hapo ushahidi ulinifuata wenyewe. Mama Tumaini alipita na mzigo wa kuni akiguna sauti yangu. Msichana wa dukani naye akaiguna. Nikiwakaribia wanauma midomo na kutazamana. Nikamwambia mama mdogo kwamba nimeibiwa. Yeye alikuwa ananyonyesha. Akasema, "Subiri Krismasi ipite," kana kwamba wezi nao wana likizo.

Siku iliyofuata Krismasi wakaja wageni, kikundi cha kioda cha kijiji kingine cha mwambao, na mikanda mipya myekundu. Kioda ni kushindana bila kusema mnashindana: wageni wanacheza, wenyeji wanajibu, wazee wanakaa kimya wakipima. Wageni walicheza vizuri mno. Kisha Foibe akapuliza filimbi, ngoma zikaingia, na kinywani mwake ukatoka wimbo wangu.

Nimeibiwa mchana kweupe. Mbele ya vijiji viwili! Walikuwa wameutafutia mwendo na kiitikio, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa mzuri. Mistari yangu ikaenda, ikarudi, ikafika pale nilipofunga mdomo ziwani. Hapo na wao wakanyamaza. Ngoma hazikunyamaza. Walibaki wakikanyaga palepale, mikono kiunoni, wakiguna tu. Mzunguko ukapita, na mwingine. Wageni wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Wamesahau hawa!" na watu wakacheka vibaya.

Foibe alikuwa ananitazama mimi.

"Nenda," mama mdogo akaninong'oneza, akimfungua mtoto mgongoni mwangu. "Huku kwetu mwenye wimbo ndiye anayeufunga. Usipokwenda, wameaibika."

Hata hapo nilishuku. Nilidhani ni mtego wa kunichomoa mstari wa mwisho mbele ya simu za watazamaji wote wale. Lakini Mama Tumaini alikuwa anatokwa jasho, na macho yake yalikuwa yananiomba. Sijawahi kumwona mwizi akimwomba mwenye mali hivyo. Nikaingia uwanjani bila viatu, begani nina maziwa aliyocheua mtoto, nikaimba mwisho wangu:

Nikirudi nitakuletea usipa,
debe zima, ule mpaka ulale.

Uwanja ulilipuka. Usipa ni vile visamaki vyembamba vya ziwa, na hakuna aliyetegemea viingie kwenye kilio. Mama mmoja wa upande wa wageni akaacha mstari wao, akaja kunifunga khanga yake kiunoni. Waliurudia ubeti wa usipa mpaka wapiga ngoma wakaomba poo. "Mtunzi!" Foibe akaniita mbele ya watu wote, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilirudi kukaa nikiwa na furaha nisiyojua niiweke wapi, na bado nikawaza ile khanga wataidai saa ngapi.

Mwaka jana Foibe alikuja Mbinga kumuuguza ndugu yake, akafikia kwangu. Siku hizi naimba, natunga, na Jumapili baada ya misa watunzi wenzangu hujaa sebuleni kwangu. Jumapili hiyo alipokuwapo, wenzangu walipoondoka tukabaki wawili tunachambua maharage, nikamuuliza jambo lililonikaa moyoni miaka yote.

"Dada, siku ile, kama nisingetoka?"

"Tungetoka uwanjani kimya. Tungechekwa mpaka Pasaka."

"Hukuwa umetunga mwisho wako, wa akiba?"

"Niliutunga palepale ziwani, kabla sijamaliza sufuria."

Akakataa kuuimba, nikamng'ang'ania. Mwishowe akauimba huku bado anachambua, bila kuinua macho:

Nitunzie baridi yangu, mama,
nikirudi niivae.

Mikono ikanikwama kwenye ungo. Utotoni niliamini kwamba nililindwa vizuri na ule mstari niliouficha. Kumbe Foibe alisimama uwanjani na huu mdomoni, mstari ambao ungewamaliza wageni, watu wanamcheka, ngoma zinamsubiri. Akaumeza, ili mtoto asiyemwamini aje aimbe habari za samaki.