Jorie Radtke na Mkono wa Pahoua

Jorie Radtke alianza kupanda vitu kabla hajajua kusema vizuri. Siku moja, akiwa na miaka mitatu, mama yake, Lorna, alimkuta juu ya jokofu, amejikalia kama paka, anachungulia chini bila wasiwasi wowote. Lorna alicheka mpaka akatokwa machozi. Wiki iliyofuata akampeleka kwa Rhonda.

Pale Wausau, mji wao mdogo wa Marekani, nani asiyemjua Rhonda? Alichukua ghala lililokuwa la mazulia, nyuma ya reli, akalijaza magodoro, boriti nyembamba ya kutembelea juu yake, meza ya kurukia na vyuma viwili vya kubembea, kimoja juu kimoja chini, akawa anawafundisha mabinti wadogo jimnastiki. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, sauti yake kama msumeno. Alimwangalia Jorie akining'inia kwenye chuma dakika nzima bila kulia, akamwambia Lorna, "Huyu niachie mimi."

Lorna akamwachia.

Alipofika miaka tisa, Jorie alikuwa akifanya mazoezi siku sita kwa wiki. Viganja vilichanika mpaka nyama ikaonekana, akajifunza kuvipaka unga wa chaki na kuendelea. "Ngozi inaota tena," Rhonda alikuwa akisema. "Nafasi haioti." Kila Ijumaa baba yake, Duane, akitoka kiwanda cha karatasi, aliichukua familia kwenda kula samaki wa kukaanga kama ilivyo desturi ya kule. Jorie alikunywa maji tu, maana Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kupanda mizani. Duane alikuwa akimsogezea kipande kwa siri.

"Kula kidogo tu, mwanangu. Nani atajua?"

"Mizani itajua, Baba."

Aliyemfanya avumilie yote hayo alikuwa Pahoua Xiong. Pahoua alikuwa mtoto wa Wahmong, watu wa milima ya Laos waliohamia mji ule tangu enzi za bibi zake, na mama yake alikuwa na kibanda cha mboga sokoni. Walianza pamoja wakiwa na miaka saba. Rhonda alikuwa na tabia ya kufungua vikopo vya chakula vya watoto na kutoa asichokipenda, kwa hiyo mama Pahoua alifunga wali wa kunata kwenye soksi safi, na wale wawili wakaula chooni huku wakizibana midomo wasicheke.

"We Jorie, leo umeruka kama gunia la viazi."

"Gunia lenyewe limekupita nusu alama. Kaa kimya na soksi yako."

Kwenye boriti Jorie alikuwa mbele. Kwenye vyuma, hata yeye mwenyewe alikiri, hakuna aliyemfikia Pahoua. Akiachia chuma cha juu alionekana kama ameahirisha kuanguka mpaka atakapopenda mwenyewe. Wakiwa na miaka kumi na mitatu wote wawili walifaulu kuingia daraja la juu kabisa la taifa, na Rhonda akaambiwa awapeleke kwenye kambi ya timu ya taifa mwezi wa tatu. Mji mzima ulijua. Hata gazeti liliwapiga picha.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule kifundo cha mkono wa kulia cha Pahoua kilianza kuvimba. Alikifunga bendeji, akaficha kwa fulana ya mikono mirefu, akafanya mazoezi wiki mbili. Jorie alikuwa anajua. Ni yeye aliyemfunga bendeji kila asubuhi, na Jumatano ya wiki ya pili Pahoua alilia mikononi mwake kwa sababu alishindwa kufungua chupa ya maji.

Kesho yake Pahoua akasimama chini ya vyuma, akasema, "Kocha, siwezi. Mkono haushiki."

Rhonda hakupandisha sauti. Hapo ndipo alipokuwa wa kuogopwa. "Haushiki, au wewe ndiye hushiki?" Akawageukia wasichana waliokuwa kwenye mstari. "Jorie. Wewe ndiye rafiki yake. Ameumia huyu?"

Jorie alimtazama Pahoua, akamtazama Rhonda, akafikiria kambi ya mwezi wa tatu, na akafikiria pia jinsi Rhonda alivyoweza kumfuta mtu kwa miezi mizima, asimtazame wala asimwite jina.

"Jana alikuwa sawa," akasema.

"Umesikia? Panda."

Pahoua alimtazama Jorie kidogo tu, akapaka chaki, akapanda. Mzunguko wa kwanza ulikwenda, wa pili ukakwenda, na alipoachia ili akidake tena chuma cha juu, mkono wa kulia ukafunguka wenyewe. Aliangukia kiwiko. Jorie alikuwa karibu kiasi cha kusikia mfupa.

Pahoua alifanyiwa upasuaji mara tatu. Hakurudi tena kwenye ghala lile.

Wazazi wake walipeleka malalamiko, na miezi minne baadaye chama cha mchezo kikamtuma mwanamke mmoja mpole, mwenye daftari, akawahoji wasichana mmoja mmoja ofisini, mlango wazi, Rhonda akipita pita nje. Alimuuliza Jorie kama Pahoua alisema ameumia kabla ya kupanda.

"Sikumbuki."

"Hukumbuki, au hukusikia?"

"Sikusikia."

Malalamiko yakafungwa. Njiani kurudi nyumbani Lorna akasema, akiwa ameikazia macho barabara, "Umefanya vizuri. Si kazi yetu kuingilia ya watu." Jorie akajua kwamba mama yake naye anajua.

Mwaka uliofuata ukawa zamu yake. Maumivu yalianza kiunoni, chini kabisa, kama msumari. Lakini angemwambia nani? Alikuwa ameona mwenyewe kinachompata anayesema, na kwenye mstari ule sasa walikuwa wamesimama wadogo waliojifunza kwake jinsi ya kujibu. Alinyamaza miezi mitano. Alikwenda mashindano ya taifa, akashika nafasi ya kumi na tisa, na siku mbili baadaye hakuweza kuinama kuvaa viatu. Eksirei ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimepasuka. Rhonda alikuja hospitalini mara moja, akaacha maua, akasema, "Ungeniambia."

Hapo daraja la juu likaisha. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Mgongo uliungika kiasi cha kutosha, na chuo kikuu kimoja cha jimbo jirani kikampa ufadhili wa masomo. Kocha wa huko, Odessa Pruitt, mwanamke mweusi wa makamo mwenye cheko la kuitikisa benchi, alikuwa wa namna nyingine kabisa. Kila asubuhi alipita na kidaftari chake, msichana baada ya msichana.

"Haya, mwanangu. Leo nini kinauma?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Mimi nilipokuwa na umri wako hata nywele ziliniuma."

Wenzake walicheka. Jorie naye alicheka, akajibu hivyo hivyo, hakuna, kwa miaka miwili na nusu. Watu wakamsifu kuwa ni chuma.

Mwaka wa tatu kisigino cha kushoto kilianza kuuma mwezi wa kumi. Mwezi wa pili, mbele ya ukumbi uliojaa, alikimbia kwenye zulia kwa mruko wake wa mwisho, akakanyaga, ikasikika sauti kama ubao umevunjika. Aligeuka kuona nani amempiga teke. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika.

Odessa alikaa kando ya kitanda bila kucheka.

"Kiliuma tangu lini?"

"Oktoba."

"Kila siku nilikuuliza, Jorie. Kwa nini hukuniambia?"

Jorie akafungua mdomo amjibu kuhusu kisigino, likatoka la Pahoua. Akasimulia yote: bendeji, chupa ya maji, "jana alikuwa sawa", mwanamke wa daftari. Hakuwahi kumwambia mtu. Odessa alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mguu ambao haukuumia juu ya blanketi.

"Ulikuwa mtoto, na mwenye kosa kubwa ni yule mtu mzima," akasema. "Lakini la kwako lipo, na mimi siye wa kuambiwa."

Kiangazi hicho, akiwa bado na magongo, Jorie alikiandikia chama kile barua ya kurasa nne. Jibu lilikuja baada ya wiki saba: maelezo yamepokelewa na yamewekwa kwenye jalada. Rhonda alikuwa amekwisha kustaafu, na mji ulikuwa umemfanyia sherehe.

Jumamosi moja akaenda sokoni. Pahoua alikuwa nyuma ya meza ya mama yake, anapanga vitunguu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekunjika kidogo ubavuni, kama mtu aliyebeba kikapu kisichoonekana.

Jorie akasema alichokuja kusema. Alisema vibaya, akirudia rudia.

"Nimewaandikia watu wa chama," Jorie akamaliza. "Nimewaambia nilidanganya."

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

"Miaka saba." Pahoua aliweka kitunguu, akachukua kingine. "Unajua nini, Jorie? Kuanguka sikuoti. Ninachoota ni wewe unavyosema lile neno. Rhonda sikumtegemea hata siku moja. Wewe nilikutegemea."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Usije hapa tu. Mama bado anakuulizia, anadhani ulikuwa mtoto mzuri, na sitaki kumwambia."

Jorie akaondoka, magongo yakizama kwenye nyasi.

Alirudi chuoni kwa mwaka wa mwisho. Asubuhi ya kwanza Odessa alipopita na kidaftari, Jorie alisema mgongo unamuuma tangu akiwa na miaka kumi na minne, na kisigino hakibebi mruko. Odessa akaandika. Daktari akasoma, akamwondoa kwenye orodha ya mashindano, na hakurudishwa tena. Msimu mzima alikaa benchi na sweta ya timu, akiwapigia makofi wenzake, na Duane alikuja kutoka Wausau kila mashindano yalipofanyika chuoni, akakaa jukwaani na kofia yake ya kiwandani, akimwangalia binti yake asiyeruka.