Nilivyohariri Matangazo ya Vifo

Baba mkwe wangu hajawahi kunipenda, nami sijawahi kumwomba anipende. Tumeishi hivyo miaka kumi na saba: yeye juu Molo na viazi vyake, mimi chini Nakuru, mtaa wa Section 58, na vitabu vyangu. Tunakutana Krismasi na kwenye harusi za watu ambao pia hatuwapendi. Ananiita msomi. Kinywani mwake neno hilo halina tofauti na kupe.

Vita vya mwaka juzi vilianzishwa na wema. Nataka hilo lieleweke mapema.

Shamba lake liko bondeni, mahali ambapo redio hukoroma tu. Kituo anachokipenda, kinachotangaza kwa lugha yao, hushika ukipanda kilima kilicho nyuma ya ghala la viazi. Kila jioni mzee wa miaka sabini na tisa, mwenye nyonga mbovu, alipanda huko na redio begani. Mvua za Aprili zikamshusha kilima chote kwa makalio. Mke wangu akanigeukia.

"Wewe si hushinda kwa kompyuta? Fanya kitu."

Nikafanya. Kituo kile husikika pia mtandaoni, ila mtandao kwa mzee haufiki, na hata ungefika hataki kuiona simu ya kupapasa. Nikapata programu ya bure ya kurekodi redio za mtandaoni. Unaipa kituo na saa. Inaamka yenyewe, inarekodi, inakata vipande kila inapokutana na kimya, na ukichomeka kidude cha kuchezea muziki inavimimina humo. Kidude nilikuwa nacho, cha ukubwa wa kiberiti, kina spika yake na vitufe vitatu. Nina shahada mbili. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba programu ilifuata saa za nchi nyingine, na kwamba nilikuwa nimerekodi mahubiri ya usiku wa manane siku saba mfululizo.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilipanda Molo na mzigo wa wiki. Shukrani sikupata.

"Hii redio yako inasema maneno ya juzi," alisema mara ya kwanza.

"Imerekodiwa, Baba."

"Na chai ya juzi nikikupa, utakunywa?"

Lakini alisikiliza. Alikibeba kidude hicho katika mfuko wa shati, akilima huku kifua kikimwimbia.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kila jioni, baada ya habari, kituo kile huweka wimbo wa polepole wa kanisani, halafu mtu mwenye sauti ya mchanga anasoma vifo: fulani ameaga, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, atazikwa siku fulani. Nusu saa nzima. Lugha yao naijua kwa kiasi cha kusalimiana na kutukanwa, lakini wimbo ule hauhitaji mkalimani. Nikajiuliza mzee wa umri ule anataka nini na orodha ya maiti. Tena kidude kilikuwa kidogo, nafasi inajaa. Basi nikafanya lile ambalo watu kama mimi hawawezi kujizuia kulifanya: nikahariri. Kila wiki nilichagua vipande vya vifo, nikavitupa.

Penye nafasi iliyobaki nikaweka mahojiano. Yalikuwa mahojiano yangu mimi, dakika ishirini kwenye redio nyingine ya mtandaoni, nikieleza kwa Kiswahili safi kwa nini Wakenya hawasomi. Nilitumaini mzee ayasikie kwa bahati, akiwa kwenye matuta, ajue kwamba binti yake hakuolewa na kupe.

Na bado hapo sikuwa na udhuru, maana katika nyumba ile kuna hadithi moja tu, na nimeisikia Krismasi kumi na saba. Zamani mzee na rafiki yake walinunua lori la kuteremshia viazi Nakuru. Siku moja ya mvua likapinduka mteremkoni. Rafiki ndiye aliyeshika usukani, lakini aliwaambia polisi ni mzee. Mzee akafungwa miezi sita. Hawakusemezana tena. Akaapa kwamba hatakufa kwanza; atakwenda kwenye mazishi ya yule bwana, na mshereheshaji atakapowaita marafiki wa marehemu, yeye atasimama. Hotuba ilikuwa tayari, na alikuwa akiifanyia mazoezi juu ya nyama ya mbuzi. "Kaburi litakuwa wazi," alipenda kumalizia. "Atanisikia vizuri."

Nani angempigia mtu simu kumwambia adui yake amekufa? Habari hiyo ingempata kwa redio. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Ndivyo tulivyo sisi tunaoyaandika maisha ya watu.

Jumamosi moja nilimkuta ameketi nje juu ya kreti, kidude gotini.

"Msomi. Kaa."

Nikakaa juu ya gunia.

"Jana nilikuwa pale tunapeleka maziwa. Mtu ananiuliza, mzee, mbona hatukukuona kwa mazishi? Nikauliza mazishi ya nani. Wakacheka, wote. Amezikwa Alhamisi. Redio ilitangaza wiki iliyopita, siku tano."

"Pole, Baba."

"Pole ya nini? Mimi nasikiza redio kila siku. Nimesikia bei ya viazi. Nimesikia mvua. Vifo viko wapi?"

"Nilivitoa."

"Ukaweka nini?"

Alikuwa anajua. Akabonyeza, na sauti yangu ikatoka pale gotini kwake, laini, ikisema kwamba kitabu ni dirisha. Akaiacha iseme mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Ulitoa maiti," alisema, "ukajiweka wewe."

Nimeandika insha miaka ishirini. Hakuna mhakiki aliyewahi kunimaliza kwa maneno machache hivyo.

"Miaka thelathini na moja nimengoja," akasema. "Enda nyumbani."

Mke wangu alikwisha kupigiwa simu kabla sijafika. Nikafungua kompyuta, si kwa tumaini bali kwa aibu, nikaangalia kapu la taka. Mimi si mtu wa kumwaga taka. Vipande vyote vilikuwemo. Nikawasha cha kwanza cha wiki ile. Mke wangu akaja, akasimama nyuma yangu mikono kifuani. Mume wa, baba wa, babu wa. Ghafla akaweka mkono begani mwangu, akanifinya.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Wamemweka baba."

"Wamemweka wapi?"

"Rafiki wa. Wamesema rafiki wa, halafu wakataja baba. Jina lote."

Siku zote tano alitajwa, peke yake, baada ya wajukuu.

Kesho yake nilipanda Molo na laptopu. Mzee alikuwa kwenye kreti ileile, na hakunisalimia. Nikahamisha vipande vile kwenye kidude, nikampa. Alisikiliza akitazama kabichi. Jina lake lilipotajwa alitema mate.

"Mwongo. Hata amekufa anadanganya."

Akakigeuza kidude kiganjani.

"Ni yeye aliwaambia waandike hivyo, ama ni watoto?"

"Sijui, Baba."

"Msomi hajui."

Akabonyeza mwenyewe, akarudisha mwanzo, wimbo wa kanisani na yote. Akarudisha tena. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa ikiitangulia ile sauti ya mchanga, na ilipofika kwenye neno rafiki ikafungika. Hotuba yake ya miaka thelathini na moja nilijua mahali ilipoanzia, pale marafiki wa marehemu wanapoitwa, na nilijua sasa haingeanzia popote.

"Hii ikae hapa. Usitoe."

"Sitatoa."

"Ile yako, toa."

"Nikifika nyumbani nita..."

"Saa hii. Nikikuona."

Nikafungua laptopu juu ya gunia la viazi, yeye akiwa ameinama begani kwangu kuhakikisha, nikajifuta.