Karanga za Maoni

Kule Yanonge, mama mukubwa aliyenilea alikuwa na tabia moja. Asubuhi, kabla ya kwenda shamba, anatuuliza watoto moja moja: "Mangaribi mutapenda kula nini?" Mimi nasema kuku. Mwingine samaki. Anasikiliza kila mutu, anatikisa kichwa polepole. Mangaribi tunakula pondu, majani ya muhogo. Kila siku pondu. Na asubuhi anauliza tena, na sisi tunajibu tena.

Nilikuwa nimemusahau mpaka vita iliponikuta Kisangani, kwenye kiwanda cha sabuni. Meli za mali hazikupanda tena muto, patron, mwenye kiwanda, akaondoa chakula cha saa sita. Fufu ya muhogo na maharagi tu, lakini wengi wetu hatukuwa na kingine mpaka usiku. Tukanungunika. Patron akatuita uwanjani, akasema anataka kujua "hali ya moyo ya wafanyakazi". Sababu wengi hatukujua kuandika, kila mutu alipewa konzi ya karanga za kukaanga. Nyuma ya turubai kulikuwa sufuria mbili, zilezile za maharagi: moja ya furaha, moja ya huzuni. Huzuni yako ikiwa kubwa, unatia karanga nyingi. Sentineli alisimama pale kulinda siri.

Tukapita wote. Patron akafunua sufuria. Zote mbili tupu.

Mwenzangu, mutu wa Isangi aliyekoroga sabuni kwa mwiko murefu kama kafi, akaniuliza pole pole: "Weye ulitia wapi?"

"Kwa tumbo. Na weye?"

"Ya huzuni. Zote."

"Basi ziko wapi?"

Tukamuangalia sentineli. Alikuwa anatafuna.

"Bon," patron akasema. "Naona hakuna huzuni. Furaha tutaitafuta pamoja. Nimewasikia. Mabadiliko iko njiani."

Maneno yale tulikuwa tumeyazoea. "Nimewasikia" maana yake mumalize kusema. "Iko njiani" maana yake haijatoka kitandani.

Mwenzangu akainua mukono. "Papa patron, chakula ya saa sita inarudi?"

"Mwezi kesho tutauliza maoni yenu tena."

"Na karanga?" mutu mwingine akauliza kwa nyuma, tukacheka, hata patron akacheka.

Mwenzangu hakucheka. Akarudi kwenye pipa, akaegemeza mwiko, akapangusa mikono kwa suruali. Nilidhani anaenda kukojoa. Akapita langoni, sentineli akamusalimia na kinywa kimejaa, naye akashika njia ya Simi-Simi, upande wa kwao. Sabuni ikaanza kugandamana, tukamungoja. Hakurudi tena.