Tuta la Nyamizi

Harufu ya karanga zinazochemka ilinipokea nikiwa bado sijatua ndoo ya maji. Ilitoka jikoni kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Nyuma ya nyumba nikamkuta binti yangu Nyamizi amesimama kwenye tuta lake lililong'olewa lote, ameshika jani moja, hata halii. Angelia ningevumilia. Nimevumilia mengi: kuku wangu alichinjiwa wageni wake, jembe langu liliazimwa likapotelea huko. Siku hiyo nikasema basi. Nilikwenda hadi kwenye mafiga yake, nikaepua chungu na karanga zake ndani, nikakiweka juu ya ngata kichwani.

"Mama Nyamizi, una wazimu?" shemeji alifoka. "Nina wageni! Na mtoto tangu lini akawa na shamba?"

Tangu lini? Kwetu Kabungu, miaka ile ya hamsini, mtoto akiweza kuinua jembe alikatiwa tuta lake la karanga pembeni mwa shamba la mama. Jembe langu lilikuwa limelika likabaki kama kijiko, na baba alilifupishia mpini. Tuliingia shambani miguu ikilowa umande, tukalima hadi mgongo unawaka na mbung'o wanatuuma shingoni, kisha mchana kutwa tukafukuza ngedere. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa raha. Nililia, na fimbo nilizipata. Lakini jioni, nilipochuchumaa kwenye tuta langu kupandishia mashina udongo unaonukia mvua, sikuwa nimetumwa na mtu.

Msimu mmoja mjomba wangu alishuka kutoka Mwese kwa miguu, akafika jioni akiwa hoi. Karanga za ghalani zilikuwa zimekwisha na za mama hazijakomaa. Zangu tu, nilizowahi kupanda, ndizo zilikuwa tayari. Baba, ambaye akikohoa tu mbwa walinyamaza, alikuja akachuchumaa mbele ya tuta langu. Mimi aliniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Mama, mgeni wetu amechoka. Naomba karanga kidogo tuungie kisamvu."

"Sitaki."

Mama alishainua mwiko. Baba akamzuia, akarudi kwa mgeni wake akiwa hana kitu mkononi. "Mwenye shamba amekataa," alimwambia.

Mjomba alicheka hadi akapaliwa. "Huyu mtamtafutia mume jasiri! Haya, leteni hicho kisamvu cha chumvi."

Wakala hivyo hivyo. Asubuhi nikang'oa mashina kwa mikono yangu, nikamfungia mjomba karanga za njiani. Hata hapo sikutumwa na mtu.

Baadaye nilisoma hadi sekondari, na huko wakanifundisha neno haki kwa vitabu vinene. Mimi nilikuwa nimeshaliona limechuchumaa. Najua shemeji naye ana watu wengi wa kulisha na ghala lake linaonyesha sakafu. Angeomba, huenda Nyamizi angempa. Leo tuna bendera yetu wenyewe, tunaambiwa kila mtu ni sawa na mwenzake, na mtu mzima anashindwa kukunja magoti mbele ya mtoto.

Basi, chungu kikiwa kichwani, nilimshika Nyamizi mkono tukaenda kwenye baraza la kijiji, nikatua chungu juu ya meza ya karani.

"Hiki nini, mama?" karani aliniuliza.

"Kielelezo."

Akacheka, akanyoosha mkono achukue moja.

"Mwombe mwenyewe kwanza," nikamwambia. Alimtazama Nyamizi, akarudisha mkono, akashika kalamu. Nikamtamkia taratibu ayaandike yote:

"Mimi, mama wa Nyamizi, kwa niaba yake, namlalamikia baba yake mkubwa kwa kung'oa karanga za mtoto bila kumwomba. Naomba baraza limwamuru arudishe mbegu, alilime upya tuta lile kwa mkono wake, na zikikomaa, akizitaka, aje achuchumae aombe. Nyamizi awe huru kukataa."