Laifu Niliyoiomba kwa Kijana wa Bashay

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe niliacha tangu nioe, na siku ile hata chai ya asubuhi ilikuwa haijapita kooni. Usiniambie pia kwamba nimesimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Mbulu mjini, kwenye kibanda changu cha ufundi, saa kumi jioni na wala si usiku wa manane. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza unisikilize.

Mimi ni fundi wa redio na tivii. Kwetu ni Nzega, huku tulikuja kutafuta maisha, mimi na mke wangu Zawadi. Tivii ninazoletewa nyingi ni zile za chogo, maana vijijini bado zipo na watu hawataki kuzitupa. Nikishaitengeneza siirudishi hivihivi. Naichomekea gemu ya kaseti, ile ya zamani, ya ndege ya angani inayopigana na maadui, kisha naijaribu nusu saa nzima. Wenzangu wananicheka, fundi mzima anacheza gemu. Waache wacheke. Anga la gemu ile ni jeusi tii, kioo kikiwa na doa utaliona tu. Nyota zake ni vitone vidogo vyeupe, picha ikiwa haijatulia utajua. Risasi nyekundu, kijani na buluu zinapita zote, na milipuko yake inaipima spika barabara. Halafu haina longolongo, ukibonyeza kitufe upo vitani.

Ubaya inao pia, sikufichi. Maadui wakijaa inakuwa nzito, ndege inatambaa kama imekanyaga tope. Risasi za adui zinafanana na nyota, unakufa hujui kilichokuua. Haihifadhi kitu, umeme ukikatika unaanza upya, na umeme wetu unaujua. Lakini kilichokuwa kinaniudhi kuliko vyote ni hiki. Mkicheza wawili, kila mmoja anapewa laifu tatu, ndizo roho zake za mchezo. Mwenzako zikimwishia anaweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja akachukua moja yako, bila hodi. Mwenye moja tu ndiye haguswi. Sasa wewe ukitaka kumpa mwenzako kwa hiari yako, hakuna njia. Kunyang'anyana kumo, kupeana hakumo. Hilo lishike, tutalirudia.

Siku ile Zawadi alikuwa hospitali tangu alfajiri, kwa uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Mimba mbili za kabla yake zilishaharibika. Saa nane muuguzi akatoka akaniambia anavuja damu nyingi, wanampeleka chumba cha upasuaji, nitoe damu kisha nikapumzike, watanipigia simu. Nipumzike wapi mimi? Nikatoa damu, nikaenda kibandani, maana mikono yangu haitulii mpaka ishike kazi. Mezani palikuwa na tivii ya kijana mmoja wa Bashay, anaitwa Paskali. Sijawahi kumwona. Aliyeileta ni mama yake, akasema kijana ataifuata mwenyewe jioni ile. Nikabadilisha kapasita moja, picha ikarudi. Nikachomeka gemu.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa mwezi wa saba, hata duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa halionekani. Nikainua macho, kijana kasimama mlangoni. Koti zito, buti za mvua zenye tope, mikono kaiweka nyuma. Hakupiga hodi wala hakunipa shikamoo. Na watu wa huku unawajua, salamu kwao ni sheria, mtoto wa darasa la kwanza atavuka barabara aje akuamkie. Nikaudhika, kusema kweli.

"Kijana, kwenu watu hawaamkiwi?"

Alikuwa anaitazama tivii. "Imepona," akasema, polepole.

"Imepona, ndiyo. Wewe ndiye Paskali? Ingia basi."

Hakusogea. Nikamwambia ingia mara ya pili na ya tatu. Kwetu mgeni haachwi mlangoni, ni aibu kwa mwenye nyumba. Nikainuka, nikamshika kiwiko, nikamvuta ndani. Koti lilikuwa limelowa, na ile baridi ya mkono wake niliisikia mpaka begani kwangu. Nikalaumu hali ya hewa. Wewe ungelaumu nini?

Na nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye, nisiseme uongo. Woga wa kukaa na simu peke yangu ulinizidi. Nikampa stuli na pedi ya pili ya kuchezea, tukaanza. Laifu zake mbili zilikwenda upesi, mwanzoni tu. Ile ya tatu ikakaa. Risasi zikawa zinapita kushoto na kulia kwake, hazimpati. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye simu kuliko kwenye kioo, na zangu zote tatu zikaisha. Nikamtania, kama tunavyotaniana mafundi.

"Kaka, nigawie basi hiyo moja."

Akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu aingie. "Unaomba kweli?"

Nisikilize vizuri hapa. Mpaka leo sijui kama nilikuwa naiombea ndege ya kwenye kioo au namwombea Zawadi. Nikasema, "Naomba kweli."

Akaiweka pedi magotini, mikono akairudisha nyuma. Hakubonyeza kitu. Juu ya kioo, kwenye hesabu ya laifu, upande wake moja ikawa sifuri. Upande wangu, sifuri ikawa moja. Kaseti ile nimekaa nayo miaka tisa, naijua kama mfuko wangu, na kitu hicho haina. Ndege yake wala haikulipuka, ilizimika tu, na katika gemu ile hakuna ndege inayokufa bila mlipuko. Yangu ikaibuka chini ya kioo, peke yake.

Nikageuka nimuulize. Stuli ilikuwa tupu, imelowa, na pedi imelala juu yake. Mlango hata sikuusikia. Kabla sijainuka simu ikaita.

"Mkeo amerudi," muuguzi akasema. "Tulikuwa tumeshampoteza, baba. Ni mtoto wa kiume, wote wazima."

Nililia, sioni haya kusema. Nikakimbia hospitali, tivii nikaiacha inawaka.

Wiki ya tatu mama yake Paskali akaja. Alisimama palepale mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Siingii, nina msiba. Kwetu mwenye msiba haingii nyumba ya watu mpaka siku zake ziishe, wala hapokei mkono. Anayejua hamvuti ndani."

Nikashika meza.

Akanieleza kwamba Paskali alianguka na bodaboda mteremkoni, akija kwangu, saa nane ya siku ile ya ukungu. Walimfikisha hospitali anapumua. Daktari alimwambia mama asiwe na wasiwasi, kijana atapona. "Saa kumi akafumbua macho," mama akasema. "Akaniambia, mama, tivii imepona. Halafu akakata roho. Mwanangu, nani alimwambia? Alifika hapa kwako?"

Ningemjibu nini mama yule? Kwamba mwanawe alibaki na moja, nami nikaiomba?

"Hapana, mama," nikasema. "Hakufika."

Akaiangalia tivii kwa mbali, akaniambia nibaki nayo, nyumbani hakuna tena wa kuitazama. Msimu wa kulima ukifika naenda Bashay kumlimia shamba lake. Ananiombea baraka, anasema nina moyo mwema. Ninainamisha kichwa na kulima.

Gemu ile siigusi tena. Tivii nazipima kwa taarifa ya habari. Mwanangu sasa anatembea, ana afya, hana tatizo. Ila akifika kwenye mlango, hata huu wa kwetu, anasimama nje, anaweka mikono nyuma, anatazama ndani. Haingii mpaka ashikwe kiwiko. Zawadi anafurahi, anasema mtoto ana adabu. Sijamwambia kitu. Mimi ndiye ninayetoka kumvuta, kila jioni, na kiwiko chake kinakuwa baridi hata siku ya jua kali.

Basi wewe unayenisikiliza, ukija huku ukamkuta mtu mlangoni pako, mikono nyuma, haingii, mwamkie na umwache alipo. Na usimwombe mtu kitu kwa utani kabla hujajua amebakiwa na vingapi. Huenda ana kimoja tu, na huenda akakupa.