Mume Wangu Anasifiwa kwa Sketi Aliyoikata Mwenyewe

Admin, jina langu lifiche, la Bukoba usilifiche. Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita, mzaliwa wa Muleba, naishi Nyanga na mume wangu, miaka hamsini na kitu sasa tuko kwenye ndoa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, makosa mtanivumilia. Hasira ndiyo inayoniandikisha.

Wiki iliyopita walikuja nyumbani vijana wanne waliomaliza chuo, wamesomea sanaa. Wamekodi ghala la zamani Bilele, wanachora ukutani, wanashona nguo za ajabu ajabu, wanapiga muziki na kucheza, na wanaingia wanaojuana tu. Sina ubaya nao hata kidogo. Walisikia kwamba enzi za ujamaa kulikuwa na kundi kama lao hapa hapa mjini, wakaambiwa mzee wangu analijua. Wakamwekea simu mbele ya mdomo. Mzee akakohoa, akajiweka sawa kwenye kochi, akasema kavukavu bila haya, "Sisi ndio tulianzisha. Sketi za lubugo nilikuwa nashona mimi." Mawe, mama wee! Mwanaume huyu hata kifungo hajui kushona! Binti mmoja akaniuliza, "Bibi, na wewe babu ulikutana naye vipi?" Kabla sijafungua mdomo, mzee akadakia, "Nilimshonea sketi." Wakapiga makofi. Nikaingia jikoni nikamenya ndizi ambazo hakuna aliyeziomba.

Haya, sikieni ukweli.

Aliyeanzisha ni mwalimu wa uchoraji, nimwite Deo, kijana wa Kaagya aliyerudi kutoka kusomea sanaa Kampala na wenzake wawili. Miaka ile vijana wa chama walizunguka mjini na fimbo na mikasi. Ukivaa mini, wigi au suruali ya kubana, umekwisha, unaambiwa wewe ni kibaraka wa wakoloni. Kwa hiyo Jumapili mchana tuliingia kwenye ghala la kahawa mmoja mmoja, tumejifunga vitenge hadi visiginoni, vikapu vya ndizi kichwani, kama watu wanaotoka sokoni. Tukishaingia, vitenge chini! Picha za Deo zimejaa ukutani, santuri inalia, na sisi wasichana tunapita mbele ya wenzetu kuonyesha nguo alizoshona kwa magunia ya kahawa na kwa lubugo, ile nguo ya magome ya miti waliyovaa mababu zetu. Mimi alinishonea sketi ya lubugo, fupi, akaichora mistari myeusi pembeni. Hadi leo hakuna nguo iliyonipenda kama ile.

Kosa langu lilikuwa kiburi. Nilijiambia, hii ni nguo ya babu zangu, nani atasema ni ya wazungu? Jumapili moja nikatoka ghalani bila kitenge, nikashika njia ya sokoni mchana kweupe, kifua mbele. Vijana watatu wakanizuia. Nikawaambia, "Hii ni lubugo. Uafrika mnaouhubiri si ndio huu?" Wawili wakatazamana. Wa tatu akasema, "Uafrika sawa, lakini goti liko nje." Akainama na mkasi, akakata kuanzia kwenye pindo hadi kiunoni. Watu walikuwa wanatoka misa. Nilibaki na gagulo, natamani ardhi ipasuke inimeze. Huyo wa tatu ndiye mume wangu.

Mnashangaa? Hata mimi nashangaa. Habari zilifika Muleba kabla yangu, na mwaka mzima hakuna aliyekuja kuposa. Kisha akaja yeye na baba zake wadogo, wamebeba lubisi, pombe yetu ya ndizi, eti kuomba radhi na kuposa kwa safari moja. Baba akaniambia, "Amekuaibisha yeye, akuoe yeye. Unamsubiri nani mwingine?" Nikaolewa. Nimemzalia watoto sita, na sijamsamehe hata siku moja.

Juzi nikamwambia, "Jumamosi wale vijana wanabandika picha yako kwenye ukuta wa ghala lao. Wataje Deo. Jina tu, mara moja." Akanicheka. "Na aliyemtaja Deo siku ile ni nani? Waambie na hilo."

Ni kweli, jamani. Pale barabarani, mkasi bado uko mkononi mwake, aliniuliza nani amenishonea. Hakunipiga. Nilitaka tu waniache nikajifunike. Nikasema jina, na ghala nikalionyesha kwa kidole. Jioni ile ile picha zote na nguo zote zilichomwa uani, Deo akachukuliwa. Baadaye tukasikia amepelekwa kufundisha kusini, mbali huko, na hakurudi tena. Mama yake nilikuwa namwona misibani, anamuuliza kila mtu wa mjini kama amesikia lolote la mwanawe. Nilikuwa najificha nyuma ya wanawake wenzangu. Alikufa bado anauliza. Watoto wangu hawajui hili, na kwenye kitubio sijawahi kulisema.

Wale vijana wamesema Jumamosi watanipa kipaza sauti nisimulie mapenzi yetu. Mapenzi! Nikisema ukweli, mzee anaumbuka mbele ya wajukuu, na mimi naumbuka kuliko yeye, maana yeye alikata nguo, mimi nilimuuza mtu. Nikinyamaza, picha ya mshika mkasi itakaa pale ukutani na hao watoto wataisalimia kila wakiingia.

Nishaurini, waitu, ndugu zangu. Pole zenu sizitaki. Niambieni tu hivi: nikishakishika hicho kipaza sauti, nianze na la kwake au la kwangu?