Mzizi wa Akina Zablon

Emiliana, mwalimu mstaafu na mjane wa mtoto wa kwanza wa Mzee Zablon wa Kibakwe, ndiye aliyeupeleka maabara ya chuo kule Chimwaga mzizi wa kutibu malaria wa ukoo wao ukapimwe. Alichoka kusikia dawa ya baba mkwe ikiwekwa kapu moja na za matapeli wa sokoni.

Asubuhi hiyo Gaudence, mtafiti wa maabara hiyo, alimpigia simu.

"Shikamoo mama. Mzizi wenu unashusha homa vizuri."

"Marahaba. Nilijua."

"Ila vimelea vya malaria hauviui. Tumerudia kupima. Mwili unapoa, malaria inabaki."

Emiliana alikaa kitako. Kwa akina Zablon mgonjwa hunyweshwa, hufunikwa blanketi, na jasho likimtoka hutangazwa amepona. Na juzi tu yeye mwenyewe, pale kwake Nkuhungu, alimnywesha na kumfunika Asma, mjukuu wa jirani yake Mwantum, akamtangaza amepona.

Akampigia Yotham, mdogo wa marehemu mumewe, anayechimba mizizi kule Kibakwe, akamweleza.

"Nyamaza kwanza, shemeji," alisema Yotham. "Mtoto si alitoka jasho? Unataka tuchekwe hadi na wauza vitunguu?"

Angeweza kunyamaza. Jina la akina Zablon alilitunza tangu siku ya kuolewa. Lakini alitega sikio ng'ambo ya ua, mahali Asma alipozoea kugombana na kuku, asisikie kitu. Akajifunga kitenge, akavuka.

Mwantum alikuwa akipepeta mchele.

"Karibu, mwalimu. Kalala tangu alfajiri. Nadhani ni uchovu wa kupona."

Emiliana aliingia, akamgusa mtoto shingoni, akaondoa mkono upesi.

"Mbebe, twende zahanati."

"Kwani hajapona? Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Nilikosea, Mwantum. Twende."

Pale zahanati Asma alitobolewa kidole, na kipimo kikaonyesha malaria. Muuguzi alimtazama Mwantum kwa ukali.

"Bibi, mtoto anachemka hivi. Nani alikwambia kapona?"

Mwantum aliinamisha macho. "Tulidhani tu, mwanangu."

"Hakudhani," alisema Emiliana. "Nilimwambia mimi, mkwe wa akina Zablon wa Kibakwe. Dawa ni yetu."

Watu wote kwenye benchi waligeuka. Asma akatapika dozi ya kwanza, akapewa nyingine, ikakaa. Ndipo Emiliana akatoka nje na simu yake, akaanza kuwatafuta wengine aliowafunika mwezi ule. Wa kwanza hakupokea.